Kilima cha Rambu Yiwa Hakichomwi

Tangu asubuhi Rambu Yiwa alikuwa na jibu moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa hapana.

"Dada, nakuomba kilima tu, sikuombi roho," alisema Umbu Ndilu, mdogo wake wa kiume, akitema mate mekundu ya tambuu nje ya baraza. "Vilima vyote vinachomwa. Wageni wanakuja na farasi, wanakuja na nyati. Watakula nini? Nyasi kavu kama za kuezekea?"

"Ng'ombe wangu wanazila na sijamsikia hata mmoja akilalamika."

"Ng'ombe wako wamezoea shida."

"Wamenizoea mimi."

Ndilu alicheka bila kupenda, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye mkuu wa ukoo, akakunja uso. "Baba angeona aibu."

"Baba si yumo ndani? Ingia kamuulize."

Na kweli alikuwemo. Mzee Umbu Hunga alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, ila ukoo ulikuwa ukikusanya wanyama wa kumzika kwa heshima yake. Kwa hiyo alikaa katika chumba cha mbele, amefungwa nguo za kufumwa tabaka juu ya tabaka, na kila asubuhi Yiwa alimpelekea kahawa na tambuu na kumpa habari za mifugo. Sasa mazishi yalikuwa yamepangwa kufanyika mwishoni mwa kiangazi. Hapa kisiwani Sumba mtu mkubwa hazikwi mpaka moto umetangulia. Vilima huchomwa ili majani mabichi yachipue, wanyama wa wageni wakifika wakute kijani. Mzee mwenyewe alichomea wenzake hivyo, na waliomtangulia walichoma hivyo hivyo.

Yiwa hakuolewa. Watu wana sababu zao za kulieleza jambo hilo, na zote ni za uongo. Wachumba walikuja, hakuwataka, basi. Alibaki na mifugo ya baba yake, na mzee alipoanza kuchoka miguu alimwachia mikononi ng'ombe wote pamoja na kile kilima cha Palindi kilicho nyuma ya kijiji.

Lakini kukabidhiwa mifugo si kubaki nayo. Ulikuja mwaka ambao mvua ziligoma. Vilima vilikuwa vimechomwa kama kawaida, chipukizi zikatoka kidole kimoja, zikakauka, na nchi nzima ikabaki nyeusi. Asubuhi Yiwa aliwashika ng'ombe mikia awasaidie kusimama, jioni wakaanguka tena. Walikufa wakimtazama. Hakusahau macho yale, na hadi leo ukimtajia mwaka ule anaondoka alipokaa.

Mwaka huohuo ndipo alipoona jambo ambalo kila mtu wa kijiji alikuwa amepita juu yake bila kuliona. Pembeni mwa makaburi ya mawe, pale ambapo wanyama wa wageni hufungwa wakati wa msiba, palikuwa na nyasi. Nzito, za kufika magotini, katikati ya ukame. Yiwa alichimba kwa panga, akakuta udongo mweusi wenye unyevu na minyoo. Alikaa pale akafikiri. Pale wanyama walikuwa wamesongamana siku za msiba, wakala, wakakanyaga, wakanya, kisha msiba ukaisha wakaondoka, na hakuna aliyewarudisha. Wala hakuna aliyethubutu kuwasha moto karibu na makaburi.

Kuanzia hapo akawachunga ng'ombe wachache waliobaki kana kwamba kila siku kuna msiba mahali papya. Alizungusha kamba ya kusokota kwenye kipande kidogo cha kilima, ng'ombe wakala humo kwa pamoja, kesho yake akaihamisha kamba, na kipande cha jana akakiacha kipumzike mpaka nyasi zisahau kuwa ziliwahi kuliwa. Fimbo aliitupa. Alikuwa akisimama mbele na kuita "Hoo-eee," nao wanakuja nyuma yake wakisukumana, kwa sababu wanajua mwanamke huyu akiita kuna nyasi mpya. Kijiji kilicheka mpaka kikachoka. Walimwita Mama Kamba. Walisema amekosa mume, sasa anafuatwa na madume ya ng'ombe. Yiwa aliwajibu kwamba madume hayo angalau yanarudi nyumbani mapema.

Sasa Palindi ilisimama na nyasi za manjano kutoka chini hadi juu, akiba ya kiangazi chote. Zikiungua, mwaka ule mweusi ungerudi, na ng'ombe wangekufa tena mikononi mwake. Ndilu alilijua hilo.

"Basi sikia," alisema akiinuka. "Nachoma vilima vyangu. Moto hauna macho, dada. Ukivuka, usije kunililia."

"Uliniona lini nikikulilia?"

Alipoondoka, Yiwa alikwenda kwenye mtungi akakoroga maji ya chumvi. Alianza siku hiyohiyo. Alizungusha kamba chini kabisa ya kilima, ukanda mwembamba kama barabara, akanyunyizia yale mashina magumu chumvi ili ng'ombe wayapende, akawaingiza wote kwa mbanano. Walikula, wakakanyaga, wakavuruga. Kesho yake akasogeza mbele. Waliokuwa wakienda mtoni walisimama kumtazama.

"Mama Kamba, leo unakifunga kilima mkanda?"

"Suruali isije ikakivuka mbele ya wageni," aliwajibu, wala hakusimama.

Siku ya moto upepo ulivuma kutoka kusini, na Ndilu hakungoja utulie. Mwali ulipanda kilima cha kwanza, ukashuka, ukaja Palindi ukiunguruma. Yiwa alikuwa juu na ng'ombe wake wote.

"Shuka, Yiwa!" Alikuwa Kahi, mke wa Ndilu, anapanda kilima mbio, gunia lililoloa begani. "Shuka, wifi, utaungua na hao ng'ombe wako!"

"Nikishuka watasema kilima hakina mwenyewe!"

Aliogopa. Moshi ulimkaba, na ng'ombe walimsogelea mpaka akasikia joto la pumzi zao mgongoni. Aliendelea kuwaita kwa sauti ile ile ya kila siku, wasije wakatawanyika. Moto ulifika ukandani. Ukakuta mavumbi, samadi na visiki vilivyosagwa kwa kwato. Ukahangaika huku na huku, ukainama, ukafa. Cheche chache ziliruka zikawasha kichaka upande wa ndani, na wanawake hao wawili wakazipiga kwa gunia mpaka zikazimika.

Kahi alikaa chini, uso wote masizi. "Mume wangu akiuliza, mimi sikuwepo."

"Hukuwepo," Yiwa alisema. "Gunia lilikuja lenyewe."

Chini yao vilima vya Ndilu vilikuwa vyeusi hadi ufukweni. Ndilu alijisifu kwa siku kadhaa. Kisha zikaja siku za kungojea kijani, na kijani kikaja kidogo, kwa uchoyo, vinyweleo vya kuhesabika kati ya mawe. Umande haukutosha na mawingu yalipita bila salamu. Wageni walipoanza kuingia kijijini kwa pembe na upatu, farasi wao waliramba chipukizi zote kabla jua halijazama, halafu wakaanza kula makuti ya ua wa Ndilu.

Asubuhi iliyofuata alikuja mzee Lapu, msemaji wa ukoo, yule anayetumwa kupeleka posa na kusuluhisha ugomvi. Alitandika mkeka, akaweka tambuu na popoo mbele ya Yiwa, akaanza kwa maneno ya kale kusifia vizazi.

"Mzee Lapu," Yiwa alimkatiza, "mimi nachumbiwa?"

"La hasha, Rambu. Ni mdogo wako anaomba..."

"Anaishi hatua chache kutoka hapa na ana mdomo. Mdomo uliotishia kuniunguza. Aje nao."

Ndilu alikuja. Alikaa mkekani bila kumtazama dada yake, akichezea popoo mkononi. Nje farasi mmoja alikuwa akilia kwa njaa, kilio kile kile cha mwaka ule mweusi, na Yiwa moyo ukamuuma, kwa maana farasi hakumkosea mtu.

"Nimekwama, dada," Ndilu alisema hatimaye. "Watarudi kwao wakisema wanyama wao walifunga kwenye msiba wa Umbu Hunga."

"Walete. Watakaa ndani ya kamba, na kamba naisogeza mimi. Atakayemchapa mnyama pale juu, hata kama ni wake, atashuka naye. Na Palindi haichomwi, si mwaka huu wala mwaka wowote nikiwa napumua."

"Sawa."

"Bado. Siku ya kutaja zawadi, nitajwe."

Ndilu aliinua uso. Siku ya kuzika, msemaji husimama mbele ya makaburi na kumtaja kila aliyemletea marehemu kitu: fulani nyati, fulani farasi, fulani nguruwe na nguo. Wanaotajwa ni wanaume. "Utajwe umeleta nini? Majani?"

"Majani."

Akakubali, kwa kuwa yule farasi alikuwa bado analia.

Siku ilipofika, Lapu alitaja kwa sauti ya kupasua anga, na upatu ukapigwa kila baada ya jina. Ilipofika zamu ya Yiwa, sauti ya Lapu ikashuka ghafla, maneno yakamtoka kama mtu anayekohoa. Wageni wa mbele wakanong'onezana, mmoja akauliza kwa sauti, "Nyasi?" na kicheko kikatambaa uwanjani. Lapu akafungua mdomo kuendelea na jina jingine.

Yiwa alisimama. Alikuwa peke yake aliyesimama kati ya wanawake wote.

"Rudia," alisema. "Wa nyuma hawakusikia."

Lapu alimtazama Ndilu. Ndilu alitazama mwili wa baba yake ulioletwa nje na kulazwa kando ya jiwe, akatazama Palindi, ambako farasi na nyati wa wageni wote walikuwa wameinamisha vichwa ndani ya kamba, kimya, wakila. Akamsogeza Lapu pembeni kwa mkono.

"Rambu Yiwa, binti wa Umbu Hunga," alisema kwa sauti ya kufika makaburini, "amemletea baba yake kilima kizima. Wanyama wenu wamekula kwake. Na kilima hicho hakichomwi."

Upatu ukapigwa. Hakuna aliyecheka.

Ndipo Yiwa akaketi, akajifunika shali, na kwa mara ya kwanza tangu mzee afariki, akamlilia baba yake.