Furungu Chini ya Kikopo cha Bibi

Nikinusa ubani mkavu, ule ambao bado haujatiwa kwenye kaa, nakiona kikopo cha fedha ambamo Bibi aliuweka. Ndiye aliyenilea kule Mbuchi, kijijini kando ya mto, na nyumba nzima hicho ndicho kitu pekee alichonikataza kukigusa. Kilikuwa kimefura tumboni kama kitunguu, kimenakshiwa maua. Ukimuuliza kimetoka wapi, hujibu, "Cha zamani hicho," mazungumzo yakaishia hapo.

Nilipokuwa na miaka tisa, bawaba ya kifuniko ilikatika. Tukapanda boti, kisha gari, hadi Kibiti, kwa sonara mmoja wa Kihindi ambaye Bibi alimfahamu tangu ujana wake. Tulimkuta mwanawe, mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki. Bibi alisita mlangoni, nusura turudi.

Yule bwana alikipokea, akakisugua, akavaa miwani.

"Bibi, hiki hakikuwa kikopo. Kilikuwa mrashi wa kunyunyizia marashi, umekatwa shingo. Na kitako si chake." Akaniinamishia nami nione. "Hizi ni furungu za miguuni, za mtoto mdogo, zimefuliwa zikawa bapa. Msokoto bado unaonekana. Hii ni kazi ya mkono wa baba yangu. Zilikuwa za nani?"

"Za Mwanahawa," Bibi akasema.

Nilishtuka. Mwanahawa ni mimi, na sijapata kuvaa furungu.

"Zangu, Bibi?"

"Za shangazi yako, mtoto wangu wa kwanza. Alikufa maji mtoni, ana miaka miwili. Marashi ya humu niliyamalizia kwenye sanda yake. Nikamwambia fundi aikate shingo, nisije nikamnyunyizia mtu mwingine, na furungu zake azifanye kitako."

Sonara aliweka koleo chini taratibu. Miaka yote ile nilikuwa naitwa kwa jina la marehemu, na hakuna aliyeniambia!

Tuliporudi nyumbani niligoma kuitika. Wiki nzima Bibi akiniita nilijifanya kiziwi, na siku moja, kwa jeuri ya kitoto, nikamwambia anitafutie jina jingine. Hakunigombeza. Aliketi kizingitini, akaita tena, polepole.

Leo nina binti. Nikimwita mara mbili asiitike, huacha nilichoshika nikaenda kumtafuta. Ndipo nilipojua nilimfanyia nini Bibi. Jina lile alishaliita ukingoni mwa mto, asijibiwe. Mimi nilipewa ili apate wa kumwitikia, nami nikanyamaza.