Kiraka Changu Kwenye Shuka la Jeneza

Kwa miaka mingi nimefundisha Stadi za Kazi katika shule ya msingi hapa Masasi, na somo ninalolipenda kuliko yote ni kushona. Nachora sindano ubaoni, naonyesha kwa mshale tundu liko wapi na ncha iko wapi, watoto wananakili, wanafaulu. Sindano yenyewe nilikuwa naishika tu nikitaka kutoa mwiba mguuni. Nasema haya mapema, msije mkadhani natoka katika familia ya wavivu. Mvivu nilikuwa mimi peke yangu.

Kwetu Newala tuna shuka la jeneza. Bibi yangu mzaa mama alijifunza kushona kwa masista wa misheni, akaunganisha vipande vya kanga zake kuukuu, akamfunika nalo mama yake siku ya kumzika. Tangu hapo kila mwanamke wa ukoo, Mkristo kwa Mwislamu, anaongeza kiraka kimoja cha shubiri moja, kwa mkono wake mwenyewe. Kila anayefariki hufunikwa nalo hadi makaburini, kisha linatolewa, linafuliwa, linarudi sandukuni kwa mtunzaji. Padri amelinyunyizia maji ya baraka na shehe ameliombea dua, na shuka halijalalamika.

Wanaolalamika ni wenye viraka. Upande wa kichwani unagombewa kama ubunge. Na ubunge wenyewe umo, maana binamu yangu mmoja alishona kiraka kwa kanga aliyogawiwa wakati wa kampeni, akaikata vibaya, likabaki jicho moja la mgombea na nusu ya sharubu. Yule bwana tangu apate kura zetu hajakanyaga kijijini, lakini jicho lake limehudhuria misiba yetu yote. Tumelizoea.

Mtunzaji alikuwa mama. Kwetu vitu vya namna hii hupita upande wa kike, na mimi ndiye binti yake pekee. Ila asiye na kiraka hawezi kulitunza shuka, na mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, kiraka sina. Mama akitangulia kabla sijashona, shuka lingekwenda Mnyambe kwa mama mdogo, ambaye alishalitengea nafasi kabatini. Jambo hilo lilimuuma mama kuliko maradhi yake.

Kila likizo alinikumbusha. Mara nasahihisha mitihani, mara korosho zinaokotwa, mara salfa ya mikorosho imeniingia machoni. Kisha akalazwa hospitali ya Ndanda, akarudi nyumbani amekonda, na mimi nikaogopa. Basi nikafanya kama msomi yeyote: nikampelekea kazi fundi cherehani wa sokoni.

Kiraka kilitoka kimenyooka kila upande. Nikakipandisha Newala nikiwa nimekikunja ndani ya bahasha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja nacho?"

Macho yake yalikuwa yameshapungua nguvu. Alikigeuza nyuma, akapitisha kidole kwenye mshono, taratibu, mpaka mwisho.

"Mpe pole huyo fundi," alisema. "Hajui kama ameshaingia kwenye ukoo wetu."

Nikaona aibu, nikajitetea kwamba mkono wangu ni mbaya. Akanijibu kwamba ubaya wake anaujua tangu naumwaga uji, na ndio huohuo anaoutaka.

Nikaomba ruhusa kazini, nikakaa pembeni ya kitanda chake na sindano. Alinifundisha kupiga bandi kwanza, kisha kushona pindo, na kila mstari nilioumaliza aliupapasa akasema, "Fumua." Nilifumua mpaka kitambaa kikachoka kuliko mimi. Aliniambia pia kwamba kila ninapovuta uzi nimtaje mtu mmoja mbele ya Mungu. Nikaanza na mwalimu mkuu wangu. Mama akasema huyo nimwache kwanza, nisije nikakata uzi kwa hasira. Tulicheka mpaka akakohoa, nami nikamwekea mto mgongoni. Zile siku nilizipenda, na nilijilaumu kwa likizo zote nilizozitupa.

Alifariki asubuhi moja, pande tatu za kiraka zikiwa zimeshonwa na kushikizwa kwenye shuka. Upande wa nne ulikuwa wazi.

Mama mdogo alifika kutoka Mnyambe kwa bodaboda. Alimlilia dada yake kwa machozi ya kweli, akanywa maji, akauliza ufunguo wa sanduku uko wapi. Alipokiona kiraka changu akaingiza vidole vinne upande uliobaki wazi, akawaonyesha wenzake.

"Hiki mfuko," alisema. "Kiraka bado."

Siku ya maziko jeneza liliwekwa sebuleni, shuka juu yake. Nilikaa mkekani, nikavuta pembe ya shuka mapajani, nikaanza kushona. Wanakwaya waliimba, wanaume walisimama mlangoni wakisubiri, na mama mdogo alikuwa akitazama vidole vyangu. Kila nilipovuta uzi nilimtaja mama, sikuwa na mwingine wa kumtaja. Nikafunga fundo, nikakata uzi kwa meno, nikasema, "Tayari."

Wakalinyanyua jeneza. Na mimi nikanyanyuka nalo.

Nilikuwa nimeshona kiraka, shuka, na kanga niliyojifunga kiunoni, vyote pamoja, kwa mshono imara kuliko yote niliyowahi kushona. Shuka likaanza kuteleza, waimbaji wakakosa sauti, mtu akaitisha mkasi. Mama mdogo akakataa katakata: shuka halikatwi mbele ya maiti. Kwa hiyo nikafungua fundo la kanga, nikaiachia. Ikaenda ikining'inia ubavuni mwa jeneza mpaka kanisani na mpaka makaburini, na mimi nyuma yake na gauni tupu. Kipande cha pili cha doti nilikuwa nimemwazima binamu kutoka Dar es Salaam aliyekuja msibani na suruali.

Kaburini mama mdogo alilitoa shuka mwenyewe. Alilikunja, akafika kwenye kanga yangu, akageuza nyuma, akapitisha kidole kwenye ule mshono kama dada yake. Nikasubiri aseme. Akanipa lote mikononi.

"Mkono wako kweli mbaya, mwanangu," alisema. "Litunze."

Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele ya watu wote, na sikuwa na kanga ya kujifutia machozi.