Nakhungu na Daktari wa Sindano

Nakhungu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika mtaa wa Obunga kwa sababu ambayo hakumwambia mtu: harufu yake ilishinda ya mkojo. Tangu utotoni alikojoa kitandani, na sasa alikuwa mwanamke mzima, mwenye sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Kila alfajiri alipapasa shuka kabla ya kufumbua macho. Akigusa ubaridi ule, alifuta vidole ukutani kwa kinyaa. Godoro lilikuwa na madoa ya manjano, moja juu ya jingine, na katikati lilianza kuoza.

Kwao, nyanya yake aliwahi kumfunga chura hai kiunoni, akiamini chura akilia usiku mtoto ataamka. Chura hakulia. Alikufa, akavuja juu ya tumbo la mtoto. Mpaka leo Nakhungu hakuweza kushika kambare, kwa kuwa ngozi yake huteleza kama ya chura.

Mwaka wa sabini na nne, Waliaula, fundi mwashi aliyefiwa na mke, alianza kumtembelea. Alipotaja ndoa, Nakhungu alimwomba muda. Alikwenda kwa jirani yake Rosa, akamweleza yote.

"Kuna Opiyo nyuma ya soko," Rosa alisema. "Anachoma sindano za Kichina. Hazina dawa, anazichomeka tu na kuziacha. Shemeji yangu alipona mgongo."

Opiyo alivaa koti jeupe lililogeuka rangi ya chai. Kando ya kitanda chake palikuwa na beseni la pamba zilizoganda damu, na nzi wakitembea juu yake. Sindano, nyembamba kama sharubu za paka, zilisimama ndani ya kopo la maziwa.

"Lala, Mama. Nitachoma chini ya kitovu na kwenye vifundo vya miguu. Kibofu kitajifunza kukuamsha."

Alichomoa moja, akailamba ncha, akaipangusa kwenye suruali.

"Hiyo imetoka kwa nani?" Nakhungu aliuliza.

"Kwa mzee mwenye jipu. Si mmepishana mlangoni?"

Nakhungu aliwahi kufika kizingitini tu, akatapika. Opiyo alisukuma mchanga juu ya matapishi kwa kiatu.

"Wewe unakojolea kitanda," alisema, "halafu mimi ndiye mchafu?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano yoyote, naye aliyabeba mpaka nyumbani. Lakini dawa nyingine hakuwa nayo. Kesho yake alirudi na jiko la makaa na sufuria.

"Chemsha nikiona."

"Zikichemshwa nguvu inatoka."

"Basi itoke, Bwana."

Wagonjwa waliokuwa nje walikuwa wameanza kuchungulia. Opiyo akazitumbukiza. Maji yalipotokota, povu la kijivu lilipanda juu na nywele ndani yake, na Nakhungu alilazimika kutazama pembeni. Kisha alilala, akachomwa. Hakusikia uchungu, ila uzito fulani mguuni.

Alirudi mara nyingi, kila mara na sufuria yake. Zikaja siku za shuka kavu, zikaja tena za kulowa, lakini za kulowa zilizidi kupungua. Kama ni sindano au ni mwili wenyewe, hakujua.

Ndipo akamfuata Waliaula kazini.

"Mimi hukojoa kitandani."

Waliaula aliweka mwiko chini. "Kila siku?"

"Siku hizi si kila siku."

"Inanuka?"

"Inanuka."

Nakhungu aliona pua yake ikikunjamana. Waliaula hakujaribu kuificha. Alitema mate kando, akasimama akitazama ukuta aliokuwa akiujenga.

"Tutatafuta mpira wa kutandika juu ya godoro," alisema mwishowe.

Wakaoana. Waliaula hakuizoea harufu ile hata kidogo. Asubuhi za kulowa alitoka nje peku, akatema mate mpaka kifua kikatulia, kisha akarudi ndani kushika upande wa pili wa mpira, uso umekunjwa vilevile. Wakautoa pamoja, wakaumwagia maji ya sabuni.