Mawese kwenye Kisanduku cha Baba

Mwaka 1998, wakati wa kipupwe, nilikuwa na miaka sita na sijaanza shule. Mchana mmoja wa wakati huo ulinirudia juzi, hapa Kawajense, binti yangu alipounganisha kinanda na kompyuta kwa waya mmoja tu.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya Katumba. Kwa vipande vya redio mbovu aliunda kisanduku cha kuunganisha kinanda na kompyuta ya parokia, ili nyimbo alizotunga zihifadhiwe humo. Chumba kilinukia risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa.

“Mwanangu, nyimbo zitapita hapa,” alisema akinionyesha tundu la waya, kisha akaenda kuwaita wanakamati wa kwaya.

Niliona tundu ni jembamba mno. Mama alizoea kupaka mawese bawaba za mlango zilizokwama, nami nikalijaza tundu mawese. Yaliganda kwa baridi.

Walipochomeka waya, kompyuta haikupokea hata sauti moja.

“Mwalimu, banda la kuku hili?” mwenyekiti alitania, nao wakacheka. Baba alikagua maungio yote ya ndani. Tundu hakulitazama.

Leo najua chuma cha waya kilipaswa kugusa chuma cha tundu, na mawese yalizuia. Siku ile nilidhani mawese hayakutosha.

Jumapili, tarehe 2 Agosti 1998, kamati iliandika kwamba kisanduku hakifai na kwaya ipewe mwalimu mwingine. Baba alitia sahihi. Nilisimama mlangoni na kikombe cha mawese, nikingoja amalize ili niongeze.