Dirisha la Mama Neema

Jambo hili nalisimulia kwa shida, maana lilitokea msibani, na mtu mzima akiaibika msibani hana hata pa kujitetea.

Jirani yangu Kanuti alifariki, hapa hapa Temeke, na mjane wake, Mama Neema, alikuwa na ombi moja tu: kabla ya kupelekwa kanisani, mumewe apite nyumbani. Vijana wakalibeba jeneza hadi ndani, wakafika kwenye kona ya kuingilia sebuleni, likagoma. Wakaliinamisha, wakarudi nyuma, wapi. Mzee mmoja akasema liwekwe tu nje, watu waage, tuondoke. Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

Kusema kweli nilikuwa naingoja nafasi kama ile. Shule niliishia darasa la saba, lakini nimejisomea mengi kuhusu namna akili inavyotatua matatizo, na jioni, pale barazani kwa marehemu, nilikuwa nawahubiria wenzangu (Kanuti mwenyewe akisinzia, Mungu amrehemu) kwamba watu hukwama kwa sababu wanadhani mlango ndiyo njia pekee ya kuingilia.

"Kwani dirisha lina kazi gani?" nikauliza.

"Profesa kaanza," akasema kijana mmoja wa bodaboda.

Nikapima kwa futi mbele ya watu wote, nikawaonyesha kuwa tukishang'oa nondo za dirisha la sebuleni jeneza linapita, likatolewa uani likawekwa juu ya stuli, tukaleta nyundo na tindo. Nondo zilikuwa zimezama ukutani kuliko nilivyodhani, tukaongeza nguvu, fremu ikatoka, na ikatoka na matofali yake, vumbi likawafunika akina mama waliokaa kwenye mikeka sebuleni, kwaya ikakatiza wimbo kwa kikohozi, na Kanuti muda wote huo yuko juani.

"Profesa, bomoa na choo kabisa, azunguke nyumba nzima!" akapaza sauti yule wa bodaboda.

Watu wakacheka. Msibani!

Mama Neema, ambaye alikuwa chumba cha nyuma na wala hakuna aliyemwendea kumuuliza, akatoka.

"Shemeji, mnafanya nini?"

"Tunamwingiza sebuleni, shemeji, kama ulivyotaka."

"Nani kasema sebuleni?" Hakugomba, na afadhali angegomba. "Mie nilisema apite nyumbani. Nilitaka nikae naye kidogo pale barazani alipokuwaga anakaa jioni, nimuage."

Baraza lile tulikuwa tumelipita na jeneza mabegani.

Tukamweka pale. Ndiyo kwanza Mama Neema ameweka mkono juu ya mfuniko, anaanza kumsemesha mumewe kwa sauti ya chini, mwinjilisti akaja kusema kanisani wanatungoja na makaburini ni mbali. "Haya, twendeni," akasema Mama Neema. Alichokuwa anamwambia hakukimaliza.

Ukuta niliurudishia mwenyewe, plasta ikakubali, rangi ikakataa kufanana. Akili yote niliimalizia kwenye kona ya nyumba, nisimuulize mwenye haja anataka nini hasa. Siku hizi mtu akiniletea tatizo, futi naiacha kabatini, namuuliza kwanza yeye, na mara nyingi nikishamuuliza sioni tena cha kubomoa.

Jioni nikipita, Mama Neema huniita, "Shemeji, karibu chai." Huwa nakaa naye pale barazani, ila nakaa nikiwa nimeligeuzia dirisha mgongo.