Mistari Mitano ya Mama Mizani

Miaka kumi na tisa Mama Mizani amepima majani katika kituo cha utafiti wa nafaka, na bado huingia kazini kila asubuhi kama bibi harusi. Kazi yenyewe ukiisikia utacheka: hukata jani, hulipima, hulilaza majini nusu siku, hulipangusa, hulipima tena. "Lililokunywa sana," husema, "ndilo lililokuwa na kiu sana."

Basi mwaka huu mvua ilikatika mahindi yakiwa kiunoni. Shamba la nyumbani analilima na wifi yake, dada wa mumewe, mwenye ng'ombe mmoja na maneno ya ng'ombe kumi.

"Wifi, tukate yote nimlishe ng'ombe, kabla hayajawa kuni."

"Mistari yangu mitano usiiguse. Ile niliipa mbolea ya potasiamu."

"Ndiyo itakunyeshea mvua?"

"Jani lina vijidirisha, huvioni kwa macho. Potasiamu huvisaidia kufunguka na kufunga. Ikipungua, havifungi sawasawa, maji yanatoroka mchana kutwa."

"Kumbe mahindi yako yana mapazia."

Wakapatana wapime. Kiu ikiwa sawa pande zote, jioni ile ile mundu upite shamba zima.

Kila mmoja akakata upande wake vipande vya majani vya gramu hamsini, akavilaza kwenye beseni lake. Mama Mizani hakukalika. Alifagia ua uliokwisha kufagiwa, akaimba, akamuuliza mumewe saa mara nyingi hata mume akavua saa na kumkabidhi.

Muda ulipotimia, Mama Mizani akapangusa vyake, lakini wifi ndiye aliyewahi mizani. "Yako hamsini na tano, yangu sabini na mbili. Nimekubwaga, wifi yangu." Akapiga kigelegele.

"Umenibwaga kwa nini?"

"Kwa uzito. Tena yangu sijayapangusa hata kidogo, nimeyatoa na maji yake."

Mume alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, umejifunga goli. Mzito ndiye mwenye kiu."

Mama Mizani angeweza kunyamaza akachukua ushindi wake. Lakini miaka kumi na tisa si mchezo. Alichukua kitambaa, akapangusa vipande vya wifi kimoja kimoja kama anayemfuta mtoto mchanga, akavirudisha kwenye mizani.

Sitini na tatu.

"Yangu yameongeza gramu tano, yako kumi na tatu," alisema, na sauti ikamponyoka ikawa kicheko. Wifi akaitazama mizani, akayatazama mahindi, akacheka naye. Wakashikana mabega, vicheko vikawakata pumzi.

Jioni mundu ulipita, ukasimama penye mstari wa kwanza kati ya ile mitano. Ng'ombe akala akashiba. Mama Mizani alikuwa katikati ya mahindi yake, anacheza peke yake.

"Wifi," yule mwingine aliita, mzigo wa majani kichwani, "msimu ujao ukipita na huo mfuko wa mbolea, usijifanye hujui upande wangu."