Shikamoo ya Juu ya Ukuta

Jamani, hii nikiisimulia naonekana fala, najua, we cheka tu, maana hata mimi nikikumbuka nacheka peke yangu halafu nanyamaza ghafla.

Nimepanga chumba hapa Morogoro mjini, zile nyumba ambazo kuta hazifiki kwenye bati, mwenzio akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako. Chumba cha pili alikuwa Kaka Beni, kamaliza chuo anatafuta kazi, na ndiye mtu pekee mtaa mzima aliyekuwa ananiuliza kama nimekula. Tangu Rehema aniache (kwa meseji, tena fupi) nilikuwa nikitoka kibaruani narudi kuangalia ukuta. Sasa mimi nina kompyuta ya mezani ya kuwawekea watu miziki kwenye flashi, Beni ana laptop yenye intaneti, nikamwambia, "Kaka, tugawane bando. Mimi fundi, napitisha waya juu ya ukuta, kwako upo na kwangu upo." Fundi gani, darasa la saba! (Ukweli nilitaka sababu ya kumgongea kila jioni, "Kaka, washa basi.") Lakini ikakubali. Kichwa cha waya upande wake tu ndio kilikuwa kimevunjika, kinachomoka hovyo, nikakifunga kwenye laptop yake kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikakaza, nikajisifia.

Siku hiyo Beni ana usaili, wanamhoji kwenye laptop hiyo hiyo. Akaniomba kwa upole, "Dogo, mchana huu usiguse mtandao kabisa. Hii kazi nimeisubiri sana." Nikamjibu, "Kwani mimi mtoto?"

Si nikasikia Rehema anaolewa Dar, na harusi inarushwa laivu! Nikasema nachungulia kidogo tu, nimwone huyo mwanaume, nafunga. Nikafungua. Rehema kapendeza, jamani. Nikasahau kufunga.

Upande wa pili Beni anasema, "Samahani, mnanisikia? Halo? Halo?" Halafu akaacha Kiswahili cha usaili: "Dogo, zima!"

Nikabonyeza, kompyuta imeganda, sauti tu ndiyo inatoka. Kiwewe kikanishika, nikaudaka waya nikauvuta kwa nguvu zote, nikijua utachomoka popote na yataisha. Nani achomoke, na mpira wangu ule?

"We! Unanivutia kompyuta!"

Nikapanda kitandani kuchungulia juu ya ukuta, kifua wazi, nimevaa msuli. Laptop ya watu inaning'inia kwenye waya kama samaki kwenye ndoana, inanitazama mimi, na kwenye kioo kuna watu watatu wamevaa suti, mmoja mzee kabisa. Sasa mimi nimelelewa kijijini Mkuyuni, ukiona mzee unafanya nini?

"Shikamooni."

"Marahaba," mzee akaitikia (sikutegemea).

Mama aliyekaa katikati akauliza, "Bwana Beni, huyu ni nani?" Na hapo hapo spika zangu zikapasuka vigelegele, wanawake wa Dar nzima, kijana kapata mke.

Mzee akasema, "Hongereni."

Usaili ukaishia hapo. Nikakaa kitandani nasubiri ngumi. Tangu siku hiyo kuitwa fundi sitaki, na nikiombwa nisiguse kitu, naweka mikono mfukoni.

Beni akaingia bila kubisha hodi. "Wamesema watanipigia," akasema, kwa ile sauti ya mtu anayejua hapigiwi.

"Kaka, nisamehe."

Akaangalia kioo changu, Rehema kaganda pale na mumewe wanacheka.

"Ndiyo huyu?"

"Ndiyo yeye."

Akakaa kitandani pembeni yangu. Tukaangalia wote wawili.

"Waya wako kesho uutoe," akasema. Halafu akasogea karibu na kioo. "Na huyo bwana harusi mwenyewe mbona mfupi hivyo?"